Mikanda Myekundu Kwenye Kiti cha Kiwandani

Desemba iliyopita mpwa wangu alipanda kuja kwetu Wusi, katika Milima ya Taita, kwa Toyota 86, gari la milango miwili alilolinunua mtumba kutoka Japani. Barabara ya kutoka Mwatate ni kona juu ya kona, na muungurumo wa injini ulitufikia uani muda mrefu kabla gari lenyewe halijaonekana. Watoto walilizunguka wakipapasa rangi. Mimi nilichungulia ndani. Mkanda wa kiwandani ulikuwa umefungwa fundo nyuma ya kiti, hautumiki. Mahali pake palikuwa na mikanda minne myekundu, miwili ya mabegani na miwili ya nyongani, yote ikikutana tumboni kwenye kifungo kimoja, kama tunavyoona kwa madereva wa Safari Rally. Kiti kilikuwa kilekile cha kiwandani. Mikanda ya mabega ilipita juu ya mgongo wa kiti, ikateremka moja kwa moja hadi kwenye bolti sakafuni.

"Fundi amenifunga kama wale wa rally, mjomba. Sasa hata nikibingirika sina wasiwasi."

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa alikuwa na furaha na dada yangu alikuwa anapakua chakula. Jibu langu kamili ni makala haya.

Kiswahili kimetupa neno moja tu kwa vitu vingi: mkanda. Mkanda wa suruali, mkanda wa kaseti, mkanda wa gari. Kwa mnyama lugha ilikuwa makini zaidi. Kuna hatamu ya kumwongoza, lijamu ya kinywani, matandiko ya mgongoni, na shogi ambamo punda hubebeshwa mzigo. Waliofuga punda Lamu hawakuchanganya hivi vitu, maana kila kimoja kina kazi yake na mahali pake mwilini. Gari lilipofika, kila utepe uliomshika abiria tuliuita mkanda, na jina hilo moja limetufanya tuamini kwamba mkanda mpana, mwingi na mwekundu ni ule ule wa zamani ulioongezewa nguvu. Sivyo ulivyo. Ninaifahamu mikanda ya namna nne katika nchi yetu: wa gari la kawaida, wa gari la mbio, wa matatu, na mbeleko ya mama. Kila mmoja umezaliwa katika mila yake, na kila mila ina fikra yake kuhusu namna mwili unavyopaswa kushikwa.

Tuanze na ule uliofungwa fundo nyuma ya kiti. Ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden aliyeajiriwa na Volvo mwaka 1958. Kabla ya hapo alikuwa Saab, akishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege ya kivita. Ina maana alitoka katika ulimwengu wa mikanda mingi, ile inayomkaza mtu mabega yote mawili asitikisike. Kama mikanda ya rubani ingefaa barabarani, hakuna aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko yeye ya kuihamisha. Aliiacha hukohuko. Rubani hukubali kufungwa na msaidizi kwa dakika kadhaa. Mtu anayekwenda dukani hakubali. Bohlin akatengeneza mkanda mmoja unaokatiza kifua na kulalia nyonga, wenye pointi tatu, unaofungwa kwa mkono mmoja. Mwaka 1959 ukaanza kuwekwa kwenye Volvo PV544 na Amazon, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie pia.

Kilichofuata katika miongo iliyopita ni kujengwa kwa jamaa nzima kuuzunguka mkanda huo. Kukaja kisanduku kinachouvuta na kuuachia taratibu, kisha kunata gari linaposimama ghafla. Kukaja kifaa kinachoukaza ajali inapoanza, na kingine kinachouachia kidogo kifua kinapobanwa kupita kiasi. Kukaja mfuko wa hewa kwenye usukani, uliopangiwa muda wake kwa kudhani kwamba dereva amevaa mkanda wa pointi tatu na kwamba kifua chake kitasogea mbele kiasi fulani. Kiti nacho kilichorwa kwa hesabu hiyo hiyo: povu lake, mwinuko wa mbele unaozuia makalio yasiteleze, mgongo unaolala, kiegemeo cha kichwa. Mkanda wa kiwandani unauacha mwili usogee kidogo makusudi, halafu unaupokea kwa vitu vingine. Aliyeufunga fundo nyuma ya kiti amevunja mnyororo mzima, ingawa gari lake bado lina mifuko yote ya hewa.

PV544 si jina geni Kenya. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally, wakati huo ikiitwa East African Safari, kwa gari la aina hiyo, tena lililokuwa limeshatumika. Kwa hiyo gari lililokuwa miongoni mwa ya kwanza duniani kubeba mkanda wa pointi tatu ndilo lililomfungulia Joginder ushindi wake wa kwanza kati ya mitatu. Mimi hufurahi kila nikiukumbuka mkutano huo wa mila mbili ndani ya boma moja la bati.

Baadaye mila hizo zilitengana. Safari ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikimbiwa wakati wa Pasaka. Mkondo wa pwani ulipita Voi na Milima ya Taita, na watu wa rika langu tulikua tukisimama juu ya kingo za barabara kusubiri vumbi jekundu. Mwaka 1971 na 1973 ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, jamaa wa mbali wa hilo la mpwa wangu. Shekhar Mehta, aliyeliendesha mwaka 1973, alikuja kushinda mara tano kwa jumla. Kadiri kasi ilivyopanda, wahandisi wa mbio walichukua njia iliyo kinyume na ya Bohlin: walikataa kuuachia mwili hata kidogo. Wakaushikilia kila upande na kuufanya uwe kipande kimoja na gari.

Ukitaka kuona matokeo yake, subiri East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003, yanapopita kaunti yetu. Magari yake kwa nje ni Porsche 911 na Ford Escort za ujana wetu. Chungulia ndani. Kiti cha kiwandani hakimo. Kimewekwa kiti cha mbio, gamba moja gumu lisilolala nyuma, lenye matundu ya kupitishia kila mkanda. Mikanda ni sita, na miwili kati yake inapita katikati ya mapaja. Kumezungushwa kizimba cha mabomba ya chuma. Dereva amevaa kofia ngumu, na shingoni ana kola inayoitwa HANS.

Kila kimoja kati ya hivyo kipo kwa sababu mwenzake yupo. Nitaichambua mikanda ya mabega kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu siku ile.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka mikanda ya mabega ielekee nyuma ikiwa karibu imelala. Inaruhusiwa kushuka, ila pembe isizidi digrii 45, na inashauriwa isizidi 10. Kanuni hizo hizo zinakataza kabisa kuifunga mikanda kwenye kiti au kwenye vishikilio vya kiti. Sababu inaeleweka bila shahada yoyote. Mtu wa kilo 70 anayekwenda kilomita 50 kwa saa, akisimamishwa ndani ya nusu mita, anaivuta mikanda kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1,400. Hayo ni magunia 15 ya mahindi, yale ya kilo 90, yakining'inia kwa sehemu ndogo ya sekunde kwenye kile kilichomshika. Ikiwa mikanda imekwenda nyuma ikiwa imelala, magunia hayo yanavutwa na chuma cha gari. Ikiwa imepanda juu ya mgongo wa kiti kisha ikateremka sakafuni, kama ile ya mpwa wangu, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inageuka kuwa mkandamizo. Mabega yanasukumwa chini, na uti wa mgongo unabanwa kati ya mkanda na kiti. Juu ya hayo, mgongo wa kiti cha kiwandani unaolala haukutengenezwa kubeba mzigo huo kutoka juu. Povu linabonyea, mkanda unalegea, bawaba inaweza kukubali, na kwa kuwa kiti hakina matundu ya mabega, hakuna kinachouzuia mkanda usiteleze pembeni hadi mkononi.

Sasa huku chini. Mikanda minne ina udhaifu ambao wa pointi tatu hauna. Kifungo kiko tumboni, katikati, na mikanda ya mabega imeunganishwa nacho. Gari likigonga, mabega yanavuta mikanda, mikanda inavuta kifungo juu, na kifungo kinauondoa mkanda wa nyonga kwenye mfupa na kuupandisha kwenye tumbo laini. Mwili unateleza chini yake kuelekea pedali. Kinachobanwa hapo ni utumbo, ini na bandama.

Baadaye jioni ile, tulipokuwa tukizozana uani juu ya mikanda hiyo, dada yangu alikuwa anamfunga mjukuu wake mgongoni. Nimeiona mbeleko maisha yangu yote bila kuitazama. Mama huinama mbele, humlaza mtoto mgongoni, huupitisha upande wa juu wa leso chini ya makwapa ya mtoto, halafu upande wa chini huusukuma chini ya makalio yake na kuukaza kabla ya kufunga kifuani. Hakuna mama anayefunga juu peke yake. Angefunga juu peke yake, mtoto angechuruzika, na leso ingemkaba. Uzito wote wa mtoto umebebwa na kitambaa cha chini. Kile cha juu kazi yake ni kumzuia asiangukie nyuma. Tena leso ni pana, inagusa mgongo mzima, na haimtegemezi mtoto kwenye kitu legelege, inamtegemeza kwenye mwili wa mama wenye mifupa.

Mikanda miwili ya katikati ya mapaja katika gari la mbio ndiyo ule upande wa chini wa leso. Inakishika kifungo kisipande, na mkanda wa nyonga ubaki kwenye mfupa. Aliyemuuzia mpwa wangu mikanda minne alimuuzia mbeleko isiyopita chini ya makalio. Na kiti cha kiwandani hakina tundu la kuipitisha mikanda hiyo hata angekuwa nayo. Wapo watengenezaji waliojaribu kutatua jambo hilo kwa ajili ya viti vya kawaida, hasa Schroth wa Ujerumani. Katika mikanda yao minne, mmoja wa mabega una mshono uliokusudiwa kuachia wakati wa kishindo, ili bega moja litangulie mbele kidogo na mwili ujipinde kama unavyofanya ndani ya mkanda wa pointi tatu. Yaani waliotaka mikanda ya mbio ikae salama kwenye kiti cha kiwandani walilazimika kuifundisha tabia ya mkanda wa Bohlin. Na hata hiyo hutengenezwa kwa aina maalumu za magari na kufungwa kwenye pointi zilizotajwa, si popote fundi anapoona nafasi ya kutoboa.

Shingo nayo ina habari yake. Mabega yote mawili yakikazwa, kifua husimama na gari, lakini kichwa hakikufungwa. Kinaendelea mbele peke yake na kuvuta pale fuvu linapokutana na shingo. Dale Earnhardt, dereva mashuhuri wa Marekani, alikufa katika kiwanja cha Daytona tarehe 18 Februari 2001, akiwa amevaa mikanda ya mbio, kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Kola ya HANS ilikuwepo tayari. Ilibuniwa na Robert Hubbard miaka ya 1980 akishirikiana na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio. Baada ya Daytona michezo ikaanza kuilazimisha: NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, kabla mwaka huo kwisha ililazimisha madereva wavae kifaa cha kushika kichwa, na Formula 1 ikalazimisha HANS mwaka 2003. Lakini HANS inahitaji kofia ngumu ya kuifungia. Nani atavaa kofia ngumu kutoka Mombasa hadi Wusi?

Kizimba nacho kinafuata mantiki ile ile. Ukiwa umekazwa wima na mikanda ya mabega, paa likibonyezwa gari linapobingirika, huna pa kuinamia. Kichwa chako ndicho kinachokutana nalo. Kwa hiyo magari ya mbio yana kizimba. Ukiweka kizimba kwenye gari la mjini ili kutatua hilo, unajizungushia mabomba ya chuma karibu na kichwa kisicho na kofia, na mgongano mdogo ambao zamani ungekuachia nundu unaweza kukupasua. Kila hatua inakudai hatua nyingine, mpaka siku unayomaliza umejenga gari la mashindano ambalo halifai kwenda nalo sokoni Wundanyi.

Nimeitaja mikanda ya matatu, na hiyo nitaipitia upesi ingawa inaniuma. Waziri John Michuki alitangaza kanuni zake mwaka 2003, na kuanzia Februari 2004 kila matatu ilipaswa kuwa na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Ninamheshimu kwa hilo hadi leo. Ila utekelezaji wake ulitufundisha kosa lile lile ninaloliona kwenye gari la mpwa wangu. Mikanda ilinunuliwa haraka na kufungwa kwenye viti vilivyochomelewa gereji, viti ambavyo miguu yake imeshikwa na bolti chache kwenye sakafu ya bati. Kiti kinaweza kubeba mkanda, na mabasi ya kisasa yanafanya hivyo, lakini ni kiti kilichopimwa kwa kazi hiyo pamoja na sakafu yake. Ukiikumbuka ile hesabu ya magunia 15, kisha ukahesabu abiria watatu kwenye benchi moja, utaelewa kwa nini benchi hung'oka na watu wake wakiwa wamefungwa vizuri. Abiria alitii sheria. Kilichomwangusha ni kile ambacho mkanda wake ulishikamana nacho.

Kwa hiyo mila tatu kati ya nne zinakubaliana jambo moja, ambalo matatu ililiruka. Mbeleko hutegemea mgongo wa mama. Mkanda wa Bohlin hutegemea bodi la gari na kiti kilichochorwa pamoja nao. Mkanda wa mbio hutegemea kizimba. Hukumu yangu ni kwamba mikanda minne kwenye kiti cha kiwandani, iliyoteremshwa sakafuni, imehama kutoka mila ya mbio na kuingia katika mila ya benchi la gereji, hata kama imeandikwa jina kubwa kwa herufi nyeupe.

Mpwa wangu alinijibu kwamba anapenda mbio kwa dhati na anataka siku moja kushiriki. Nampenda kwa hilo, na sikutaka kumkatisha tamaa. Nilimwambia njia ni mbili na zote ni halali. Ya kwanza ni gari la barabarani: kiti cha kiwandani, mkanda wa kiwandani uliokaa chini kwenye nyonga na usiolegea kifuani, mgongo wa kiti ukiwa umesimama, mifuko ya hewa ikiwa hai. Akitaka kushikwa vizuri kwenye kona za Mwatate, ajifunze kukaa vizuri na apunguze mwendo. Ya pili ni gari la mashindano, na hilo halinunuliwi kipande kipande. Kiti chenye matundu, mikanda sita, kizimba au upinde wa chuma wenye sehemu ya kufungia mikanda ya mabega kwa usawa wa mabega, kofia ngumu, HANS, na mtu wa kukagua yote kabla ya kuingia njiani. Hakuna njia ya katikati, isipokuwa mikanda iliyotengenezwa na kuthibitishwa kwa gari lake hasa, ikafungwa vile karatasi yake inavyosema.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mbio havilitaji. Kwenye mbio, wanaokimbilia gari lililoanguka wana mafunzo. Kwenye barabara kuu ya Voi wanaotangulia kufika ni watu wa bodaboda, madereva wa malori na akina mama wauza matunda. Mikono yao inajua kubonyeza kitufe chekundu pembeni mwa nyonga. Kifungo cha mbio cha kuzungusha, katikati ya tumbo la mtu asiyesema, hawajawahi kukiona.

Tuliifungua mikanda siku ya tatu, mimi nikishika tochi na yeye spana. Bolti mbili za nyuma hazikuwa na washa za kusambaza uzito. Zilikamata bati tupu. Kwenye utepe kulikuwa na lebo. Mikanda ya FIA huandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika, na ile ya alama ya SFI ya Marekani hutakiwa kubadilishwa baada ya miaka miwili, kwa sababu jua na msuguano huula uzi. Sisi tuliokulia jirani na mashamba ya mkonge ya Mwatate hatuhitaji kuambiwa kwamba kamba huzeeka ikiwa bado inaonekana nzima.

Kwa mafundi wa Voi, Mwatate na Wundanyi nina ombi: kijana akija na mikanda ya mbio mkononi na gari lenye kiti cha kiwandani, msitoboe sakafu. Mrudishieni mikanda yake na mkague ule aliokuja nao.

Lebo ya mikanda ya mpwa wangu ilisomeka 2019.